Ukoko wa Panya

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kulisha panya. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu niliifanya vizuri. Kwa miezi minane hakuna panya wa duara letu aliyelala na njaa. Watu walilala na njaa mara kadhaa, lakini hao hawakuwa kwenye masharti.

Rasmi nilikuwa mpishi. Duara ni lile shimo la kwenda chini linalofuata mwamba wenye dhahabu, na letu lilikuwa na wanaume kumi na wanne waliotakiwa kula mara mbili kwa siku. Mwanamke hakuruhusiwa kusogea karibu na mdomo wa duara. Ilisemwa kwamba mali, ndivyo dhahabu inavyoitwa na wanaoitafuta, ikimsikia mwanamke inahama. Kwa hiyo alitakiwa mwanaume wa kupika, na kwetu Ukuryani hiyo si nafasi ambayo watu wanaigombea. Mwanaume aliyekwisha kutahiriwa anaweza kukaa na njaa siku nzima pembeni ya sufuria iliyojaa, akisubiri mwanamke aje kupakua. Siku mwenye duara alipouliza nani kati yetu anajua kusonga ugali, wenzangu niliotoka nao Ringwani walianza kutazama mawingu. Mimi nikanyoosha mkono.

Nilijua kusonga kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kusonga. Baba alifariki, na mama akamfuata kabla ya mwaka kwisha. Nilikuwa kidato cha pili. Kwenye msiba wa mama, baba zangu wadogo wote watatu walisimama mmoja mmoja wakaahidi kwamba watoto hawa hawataachwa, kisha kila mmoja akaenda zake akiwa na imani kubwa na wale wenzake wawili. Tulibaki wanne na bibi mzaa mama, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Daftari zangu nilimpa mdogo wangu wa kike anayenifuata, aandike kwenye kurasa zilizobaki. Mimi nikashika jembe, kisha mwiko, na rashi ilipoanza, yaani watu walipoanza kukimbilia dhahabu mpya, nikaenda nayo.

Rashi yetu ilianzia chooni. Mkulima mmoja alikuwa anachimba shimo la choo nyuma ya nyumba yake akakuta jiwe linalong'aa, na kabla wiki haijaisha shamba lake la mihogo lilikuwa mji. Tangu siku hiyo kila shimo lililochimbwa pale lilichimbwa kwa ajili ya dhahabu, na choo hakikuchimbwa tena. Mwezi wa kwanza palikuwa na maturubai. Mwezi wa tatu palikuwa na saluni mbili, kibanda cha video, kanisa la bati, msikiti wa mabanzi, bucha, na maduka ya sabuni na mafuta yaliyoingia kwa njia ya Sirari. Watoza ushuru walipajua mapema. Wazoa taka hawakuwahi kupajua. Matumbo yalimwagwa nyuma ya bucha, maganda nyuma ya hoteli, na nyuma ya kila kitu walikaa panya. Wao ndio walioonekana wenyeji. Sisi wengine wote tulikuwa tumetoka mahali.

Mwenye duara letu alikuwa mzee wa Tarime, mrefu, mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Miaka ya nyuma alikuwa mchimbaji wa kawaida kwenye machimbo mengine. Mchana mmoja, alipokuwa chini na nyundo yake, panya walimpita katikati ya miguu wakipanda juu kwa kasi, na yeye, kwa sababu ambayo hakuweza kuieleza, akaacha nyundo akawafuata. Duara lilianguka nyuma ya visigino vyake. Hadithi hiyo aliisimulia kila alipoajiri mtu, na hakuna aliyebishana naye. Ni vigumu kumbishia mtu ambaye yuko hai kwa sababu ya panya.

Masharti yake yakafuata kutoka hapo. Panya asiuawe. Paka asikanyage eneo la duara. Na kila siku saa kumi jioni, mpishi achukue ukoko wa sufuria, auvunjevunje, auweke kwenye mfuniko wa bati mdomoni mwa duara, ili wazee wa chini wajue kwamba wanaheshimiwa. Aliwaita hivyo, wazee wa chini. Siku ya kwanza nilipouweka ukoko, mchimbaji mmoja aliyekuwa anapumzika akanitazama akaniita kijana, kwa Kikurya: "Mura, umepanda cheo. Sisi unatupikia. Wale unawaandalia."

Walikula kwa adabu kwa muda wa wiki mbili hivi. Baada ya hapo waliona kwamba ukoko unatoka mahali fulani, wakahamia huko. Walikaa chini ya magunia yangu ya unga, juu ya kuni, ndani ya ndoo tupu. Nilijifunza kugonga mwiko kabla ya kuutumia. Nilipolalamika, mzee alinipongeza. Alisema duara ambalo panya wananenepa ni duara lenye afya.

Aliyepinga alikuwa mmoja tu, fundi wa pampu, Mwislamu wa Tanga aliyekuwa ameishi Mugumu muda mrefu kiasi cha kuweza kututukana kwa Kikurya. Alikuwa na paka jike wa madoa. Alipoambiwa achague kati ya paka na kazi, alichagua paka, akajenga kibanda chake mita mia mbili chini, karibu na mwalo, mahali wanapooshea mchanga wa dhahabu. Pampu zilipoharibika mzee alilazimika kumwita hata hivyo, na yeye alikuja akiwa na spana mkononi na uso wa mtu anayeingia nyumba ya wagonjwa. Kila alipopita jikoni kwangu aliuliza hali ya wanangu. Alimaanisha panya.

Mdogo wangu alinifuata machimboni alipomaliza la saba na kukaa nyumbani mwaka mzima. Sikumwita. Nilitaka abaki na bibi. Alishuka kwenye pikipiki na mfuko mmoja, akanikuta nimeinama kwenye moshi nimejifunga kanga kiunoni kuzuia majivu, akasimama kunitazama kwa utulivu.

"Kaka," akasema, "bibi ameniambia nikuulize kama umeshaolewa, ili aanze kudai ng'ombe."

Hakuruhusiwa kufika kwenye duara, kwa hiyo alikwenda kwa wanawake wenzake mwaloni kuosha marudio. Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa na wenyewe ukatupwa. Wanawake wanauosha tena, na wakati mwingine wanapata chembe ambazo haraka ya wanaume imeziacha. Walisimama kwenye dimbwi, maji yakiwafika katikati ya muundi, kuanzia asubuhi mpaka jua linapoinama. Walisimama miguu mitupu, kwa sababu viatu vya mpira viliuzwa kwa wachimbaji na vilikuwa vya miguu ya wachimbaji. Miguu yao ilijaa mikwaruzo ya changarawe. Maji ya dimbwi lile yalikuwa yanatoka kwetu. Pampu iliyanyonya chini ya duara na kuyateremsha kwa mfereji uliopita nyuma ya jiko langu. Nilikuwa nauruka kila siku nikiwa na sahani ya ukoko.

Jioni alikuja mpaka kwenye kamba iliyowekwa kuzuia wanawake, nami nikampelekea chakula ng'ambo ya kamba. Alikula haraka akaniambia habari za mwaloni. Alikuwa anakusanya marudio yake kwenye viroba, ayaoshe yote kwa pamoja mwisho wa msimu, awapeleke wadogo zetu wawili shule yenye bweni. Aliviita viroba hivyo bweni. Hiki ni kitanda, hiki ni godoro.

Jumanne moja hakuja kwenye kamba. Nilimkuta kwenye turubai alilolala na wenzake, amejikunja, anatetemeka chini ya blanketi mbili wakati nje jua linachoma. Alisema miguu inamuuma kama amepigwa na rungu. Alinionyesha mahali, nyuma ya miguu chini ya goti. Macho yake yalikuwa mekundu bila tongotongo.

Pale machimboni palikuwa na magonjwa mawili tu, malaria na taifodi. Mwenye duka la dawa aliyatibu kwa zamu. Alimpa dawa za malaria siku tatu, na homa haikushuka; akampa za taifodi, na homa ikashuka kidogo, kisha ikarudi na kutapika. Kwa mtu aliyeshindwa na yote mawili palikuwa na ugonjwa wa tatu, kurogwa, lakini huo muuza dawa hakuwa na vidonge vyake. Mzee alikuja mwenyewe kumjulia hali. Alisimama nje ya turubai kwa heshima, akasema huenda binti alisogea sana kwenye kamba, akatoa ushauri kwamba niongeze ukoko.

Niliongeza. Sitaki kuficha hilo. Kwa siku mbili nilisonga ugali nikaacha sufuria iungue makusudi ili ukoko uwe mnene.

Siku ya tatu weupe wa macho yake uligeuka manjano. Mchimbaji mmoja aliyekuja kuchukua chakula alimchungulia akasema huyu hana haja ya kuosha tena, mali imempanda yenyewe mpaka machoni. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu nilikuwa nimeshika mwiko na sikujua kitu kingine cha kufanya na uso wangu. Kisha mmoja wa wanawake wa mwaloni akaja akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mdogo wangu hajakwenda haja ndogo tangu jana asubuhi. Nikaweka mwiko chini nikaenda kwa fundi. Alfajiri iliyofuata alitupakia kwenye pikipiki yake, mgonjwa katikati yetu amefungwa kwenye mgongo wa fundi kwa kanga yangu ya jikoni, tukaenda Mugumu.

Hospitalini alitupokea daktari mama wa makamo ambaye hakuonekana kushtushwa na kitu. Alimfunua mdogo wangu macho, akamminya miguu mahali palepale alipokuwa ananionyesha, akatazama nyayo zake kwa muda mrefu kuliko uso. Aliuliza anafanya kazi gani, anasimama wapi, maji hayo yanatoka wapi. Nikajibu. Akauliza kama tuna panya.

"Tunao, daktari."

"Wengi?"

"Wengi. Wanakula vizuri."

Aliinua macho. "Wanakula nini?"

"Ukoko. Mimi ndiye ninayewalisha."

Akaiweka kalamu mezani. Nadhani katika miaka yake yote ya kazi alikuwa amekutana na watu wanaowatega panya, wanaowawekea sumu, wanaowakimbia, na wengine hata wanaowala. Mlishaji alikuwa hajapata kumwona. Nikamweleza yote, duara lililoanguka, wazee wa chini, masharti. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, jambo ambalo lilinitia hofu kuliko kama angecheka.

Kisha akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtu aliyewahi kufika kidato cha pili. Panya anaweza kubeba bakteria kwenye figo zake na yeye mwenyewe asiumwe hata siku moja. Anakojoa, mkojo unaingia kwenye maji, bakteria wanakaa humo wakisubiri. Mtu akisimama kwenye maji hayo akiwa na mchubuko, wanaingia. Miji iliyojaa watu, taka na maji yaliyotuama ndiyo inawapenda zaidi, na nyinyi, alisema, mmejenga mji wa namna hiyo kwa miezi mitatu. Alitaja jina la ugonjwa, jina refu la kizungu. Nililiandika kiganjani na jasho likalifuta.

"Atapona?" nikauliza.

"Dawa ipo, ni penisilini, si kitu cha ajabu. Umechelewa, ndiyo shida. Figo zimefunga." Alionyesha mfuko mtupu wa plastiki uliokuwa umening'inizwa chini ya kitanda, na mpira uliotoka kwa mgonjwa kuingia humo. "Usiniulize mimi. Tazama hapo. Huo ukianza kujaa, mdogo wako anarudi."

Kwa hiyo nilikaa siku mbili nikitazama mfuko. Upande mmoja dripu ilishuka tone kwa tone, upande wa pili hakuna kilichotoka. Bibi aliletwa kutoka Ringwani, akakaa upande wa kichwa akisali, na kwa kuwa haoni vizuri aliniuliza kila baada ya muda kama kuna kitu. Nikasema bado. Mkojo wa panya ulikuwa umemlaza mdogo wangu pale, na sasa sote watatu, bibi, mimi na daktari, tulikuwa tunaomba mkojo.

Asubuhi ya tatu palikuwa na kitu mfukoni. Kidogo, cheusi kama chai iliyochemshwa mara mbili. Nilikwenda kumwita muuguzi nikiwa nakimbia, na alipofika alitazama mfuko, akanitazama mimi, akasema, "Haya, baba, kaa sasa ule." Nimewahi kuwepo dhahabu ikikamatwa kwenye karai, watu wakaimba na mmoja akazimia. Mimi siku ile niliketi nikala uji wa wagonjwa wengine.

Aliporuhusiwa kutoka, daktari alituambia mambo machache. Asikanyage maji yale. Atakayelazimika kuyakanyaga avae viatu vya mpira. Chakula kifunikwe, taka zichomwe, vyoo vichimbwe. Paka anasaidia, alisema, lakini paka mmoja hawezi kazi ya mji mzima. Halafu akaniambia nirudi niwaeleze wenzangu, maana huyu hatakuwa wa mwisho. Alisema hivyo kama ni jambo dogo, kama kumwambia mtu anunue chumvi njiani.

Nilirudi. Nilimkuta mzee amekaa kwenye kigogo chake, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kila kitu kama nilivyoelezwa. Wachimbaji waliokuwa juu walisogea kusikiliza. Mzee hakukasirika. Aliuliza maswali ya akili. Kumbe panya anaweza kukaa na ugonjwa huo mwilini bila kuumwa? Nikasema ndivyo. Na mkojo wake tu unaweza kulaza mtu mpaka hospitali? Nikasema ndivyo. Akatikisa kichwa kwa mshangao, akawageukia wachimbaji.

"Mnasikia? Hata hospitali wanakubali kwamba hawa si viumbe wa kawaida."

Niliona kwamba njia ya daktari imekwisha, nikajaribu ya kwangu. Nilisema, mzee, wewe uliokoka kwa sababu panya walikuwa chini na wewe. Hawa wa kwetu hawakai chini. Wanakaa jikoni kwangu, chini ya unga, wanasubiri saa kumi. Duara likitaka kuanguka leo, ni nani atakayekuja kuwaambia watu walioko chini? Panya wenyewe watapata habari hizo kutoka kwetu.

Mchimbaji mmoja alianza kucheka akaacha. Wawili wakatazama mdomo wa duara. Mzee akasema kwa upole wake uleule, "Mura, umepika vizuri. Nenda kapumzike na ndugu zako." Ndivyo nilivyofukuzwa. Kesho yake, nilisikia, walipata mpishi mwingine, na mfuniko wa ukoko ulihamishiwa ndani ya duara, ngazi ya tatu, juu kidogo ya maji.

Wanawake wa mwaloni niliwaeleza nikipita. Walisikiliza, wakauliza viatu watapata wapi. Fundi alinipa paka wake niende naye nyumbani, kwenye tenga la kuku. Alisema yeye bado kijana, atapata mwingine. Alisahau kuniambia kwamba paka ana mimba. Bibi alipouliza nimeleta nini kutoka kwenye dhahabu, nilimwekea tenga mapajani. Alipapasa kwa vidole, akahesabu masikio, akasema wenzangu wamejenga nyumba za bati.

Mdogo wangu alichukua miezi kupata nguvu. Bweni lake la viroba lilioshwa na mtu mwingine. Wadogo zetu waliendelea na shule ya hapa, kwa miguu, na mimi nikalima. Ndipo siku moja, baada ya mavuno, pikipiki ikasimama uani akashuka mzee mwenye duara. Alikuwa amekonda. Rangi ya ngozi yake ilikuwa imerudi lakini macho bado yalikuwa na kivuli cha manjano pembeni. Alisalimiana na bibi, akanywa uji, akauliza habari za mahindi. Ilichukua muda mrefu kufika kwenye jambo lenyewe. Alikuwa amesikia kwamba paka wangu amezaa. Angependa mmoja. Si kwa ajili ya duara, alisema, bali nyumbani kwake Tarime, ambako hakuna duara na masharti hayafiki.

Nilikuwa tayari kumpa. Mdogo wangu ndiye aliyeingia ndani, akachagua kitoto cha madoa, akatoka nacho amekikumbatia, akabaki amesimama mbali kidogo.

"Shikamoo mzee," akasema. "Mwaloni wamebaki wanawake wangapi?"

Mzee akafikiri. "Kumi na mmoja."

"Paka huyu anaondoka siku wale kumi na mmoja watakapokuwa na viatu vya mpira."

Mzee akanitazama mimi, kama mtu anayemwomba mwanaume mwenzake aseme neno. Nikamwongezea uji.

Viatu vilifika mwaloni baada ya majuma mawili. Fundi alituletea habari, akaja kumchukua paka wa mzee kwenye tenga lilelile. Alisema vyote ni namba moja, kubwa, ya wanaume, na wanawake wameshindilia vipande vya viroba ndani ili visiwatoke. Mzee hakuwaeleza wachimbaji habari za daktari, wala za macho yake. Aliwakusanya mdomoni mwa duara akawaambia wazee wa chini wamemjia wakisema hawataki tena kuona miguu mitupu ya wanawake kwenye maji yao, na kwamba mwanamke asiye na viatu asiruhusiwe kuingia mwaloni.

Fundi alisema sharti hilo linashikwa kuliko yote. Mdogo wangu, aliyekuwa anapepeta mtama, aliuliza kama wazee wa chini hawakusema lolote kuhusu vyoo. Fundi akasema bado, lakini kuna paka wangapi wamebaki?

Walikuwa wamebaki watatu.